Naandika kila ninachokula, mbona kilo hazishuki?

Shikamoo shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili. Tunaishi Tabata na mume wangu, mama mkwe na wifi yangu anayesoma chuo. Kazi yangu ni kuuza duka la vifaa vya ujenzi Gerezani. Ramadhani ilipoisha nilikwenda kupima presha, nesi akaniambia presha bado inavumilika ila mwili ndio wa kuangalia. Nilikuwa na kilo 88. Nikapakua programu ya kuhesabu kalori kwenye simu, nikaijazia umri, urefu na uzito, ikanipangia kalori 1,500 kwa siku. Nikanunua na mizani ndogo ya jikoni Kariakoo, ile ya betri.

Shangazi, mimi si mvivu wa kuandika. Hata karanga za mia tano nikizitafuna dukani naziandika. Asubuhi nakunywa chai ya maziwa na chapati mbili; kwenye simu chapati moja ni kalori 120. Mchana nakula kwa mama ntilie, wali maharage na mchicha: naandika wali kikombe kimoja, maharage nusu kikombe. Ugali nimeuacha kabisa. Usiku mmoja niliupima, gramu 300, nikaandika "unga wa mahindi" kwa sababu ugali wenyewe sikuuona kwenye orodha, simu ikaniletea kalori 1,080. Nilishtuka. Tangu hapo wenzangu wakila ugali mimi nakula chapati zilizobaki asubuhi.

Usiku ndipo penye kazi. Anayepika ni mama mkwe, na anapika vizuri, sitasema uongo. Wali wake ni wa nazi, na mchuzi wake ukitulia unaona mafuta yamepanda juu. Dumu la lita tatu linakwisha kila wiki mbili. Tunakula sinia moja, wakubwa na watoto. Juzijuzi nilileta mizani mkekani nipime fungu langu kwanza. Mama mkwe akaacha kunawa, akaniangalia, akasema, "Mwanangu, leo unatupimia chakula?" Wifi akacheka, mume wangu akaangalia pembeni. Mizani nikairudisha kabatini.

Kwa hesabu ya simu nakula kati ya 1,300 na 1,400. Mwezi wa kwanza nilipungua kilo mbili, baada ya hapo sijasogea. Mume wangu anasema hayo ni mambo ya Wazungu, mwili wangu ni wa ukoo, dada zangu wote wanene. Nami naanza kuamini. Je, programu inanidanganya? Nihamie nyingine? Na nikitaka kupima sawasawa, nitapimaje bila kuonekana namkosoa mama wa watu?

Mwenye Mizani, Tabata

*

Marahaba mwanangu.

Tuanze na ugali, maana umeuonea bure. Unga mkavu wa mahindi una takriban kalori 360 kwa gramu 100. Ulichokiweka kwenye mizani hakikuwa unga, kilikuwa unga na maji, na maji ndiyo mengi. Gramu 100 za unga zinatoa ugali wa kama gramu 300, kutegemea mnausonga mgumu kiasi gani. Kwa hiyo zile gramu 300 zako zilikuwa na kalori 360, tuseme 400 kama kwenu ugali ni wa kukatika kwa kisu. Simu ilikuzidishia karibu mara tatu kwa sababu uliipa uzito wa kitu kilichopikwa na jina la kitu kikavu.

Ukipima kikavu au kibichi, chagua kibichi kwenye simu. Ukipima kilichopikwa, chagua kilichopikwa. Ni hivyo kwa wali, maharage, tambi, hata nyama, ambayo yenyewe hupoteza maji ikiiva badala ya kuyanywa. Na kosa hili likigeuka upande wa pili ndipo linapoumiza. Kikombe cha mchele mkavu kina kalori zaidi ya 650, wakati kikombe cha wali mweupe ulioiva kina kama 200. Mtu anayechota kikombe chake cha mchele, akaupika, akaula wote, kisha akaandika "wali kikombe kimoja", amekula kalori 450 ambazo simu haizijui kabisa.

Sasa chapati. Hiyo ya kalori 120 hujui aliyeiandika, nami sijui. Orodha za programu nyingi hujazwa na watumiaji wenyewe, kila mtu na jiko lake, na wengi wao wako mbali na Tabata. Chapati ya kawaida ya Kihindi ni nyembamba na inachomwa kwenye chuma kikavu, hiyo inaweza kabisa kuwa 120. Ya kwetu inakandwa kwa mafuta, inakunjwa kwa mafuta, inachomwa kwa mafuta. Piga hesabu nami. Unga wa ngano kilo moja ni kalori kama 3,600. Ukitumia robo lita ya mafuta toka mwanzo hadi mwisho, hiyo ni gramu 230, na kila gramu ya mafuta ni kalori 9, unapata 2,070. Jumla 5,670. Zikitoka chapati 14, kila moja ina 405. Asubuhi umeandika 240 na umekula 810. Halafu usiku umekimbia ugali wa kalori 400 ukaenda kumalizia chapati mbili zilizobaki, ukijiona umejinyima.

Usijisikie vibaya. Mwaka 1992 jarida la tiba la New England, la Marekani, lilichapisha utafiti uliokuwa na kundi la watu 10 waliokuwa na malalamiko kama yako: nakula kidogo, naandika, sipungui. Walipopimwa kwa njia za maabara ilionekana miili yao inatumia nishati kama ya watu wengine tu. Tatizo lilikuwa kwenye maandishi yao, ambayo kwa wastani yalikuwa pungufu kwa asilimia 47 ya walichokula kweli. Kwa hiyo baba watoto mwambie hivi: ukoo una mchango wake kwenye unene, hakuna anayebisha, lakini ukoo hauwezi kuigeuza 810 ikawa 240.

Watu wakinunua mizani huanza kuhangaika na mambo madogo. Nyanya ilikuwa gramu 80 au 95? Ndizi niipime na ganda? Hayo achana nayo. Leo umezidisha kidogo, kesho umepunguza kidogo, mwisho wa wiki yamefutana. Kosa linalokumaliza ni lile linaloegemea upande mmoja kila siku, halina siku ya kukurudishia. Kwenye nyumba za Dar makosa ya namna hiyo ni matatu: mafuta, nazi na sukari. Hakuna siku utakayoandika mafuta mengi kuliko yaliyoingia sufuriani. Kila siku utaandika machache, au hutaandika kabisa.

Wewe mwenyewe umenipa ushahidi bila kujua, lile dumu. Lita moja ya mafuta haifiki kilo, ni kama gramu 920. Lita tatu ni gramu 2,760, zidisha kwa 9 unapata kalori zinazokaribia 24,850. Mko sita, kwa siku 14. Ukigawa, kila mdomo unapata karibu kalori 300 za mafuta kwa siku, na ndani yake yamo ya chapati na ya mchuzi. Toa kidogo kwa yale ya kukaangia samaki yanayomwagwa, kisha ongeza, maana watoto hawali sawa na wewe. Nenda kwenye simu yako sasa hivi uangalie umeandika mafuta kiasi gani wiki iliyopita. Nadhani jibu ni sifuri.

Mafuta yana njia rahisi ya kupimwa ambayo haimsumbui mtu. Kabla ya kupika weka chupa au dumu kwenye mizani, soma. Ukimaliza kupika liweke tena. Tofauti ndiyo yaliyoingia kwenye chakula. Hakuna haja ya kumfuatafuata mama na kijiko. Samaki wa kukaanga pima mafuta ya karai kabla, na baada ya kupoa. Yaliyopungua yameondoka na samaki.

Wali wa nazi nao usiupime kwenye sahani, upime kwenye sufuria. Chukua sufuria la wali likiwa tupu, lipime, andika uzito wake kwenye simu usisumbuke tena. Tuseme ni gramu 800. Siku ya kupika, pima mchele mkavu: kilo moja, kalori 3,600. Pima nazi ikishakunwa: nazi mbili, tuseme gramu 600. Nazi iliyokunwa ina kama kalori 350 kwa gramu 100, kwa hiyo hapo kuna 2,100, lakini hamli chicha. Mimi nahesabu theluthi mbili ndiyo inayotoka na tui, zito na jepesi pamoja. Ni makadirio, ila ni bora mara kumi kuliko kutoandika. Hiyo ni 1,400. Sufuria zima lina kalori 5,000.

Wali ukishaiva na kukaukiwa, pima sufuria na vyote vilivyomo. Tanguliza kitambaa kikavu juu ya mizani, bonyeza irudi sifuri, ndipo uweke sufuria, usije ukaiunguza. Na uangalie mizani yako inafika wapi, nyingi za betri mwisho wake ni kilo tano. Ikisoma 3,500, toa 800 za sufuria, wali ni gramu 2,700. Gawanya 5,000 kwa 2,700: kila gramu 100 ina kalori 185. Ule wali mweupe wa kwenye simu una 130. Umeona pengo? Na hapo hatujafika kwenye mchuzi.

Sasa sinia. Mwanangu, mizani isiende mkekani tena. Mama mkwe hakukosea kuuliza. Chakula kikishatengwa mbele ya wakubwa hakipimwi, na hakuna kalori zinazostahili ugomvi huo. Pima jikoni kabla ya kupakua, na upime kiporo mkimaliza. Kama wali ulikuwa gramu 2,700 na kimebaki kiporo cha 700, mmekula 2,000. Wakubwa wanne ni sehemu nne, watoto wawili nusu nusu ni sehemu moja. Gramu 400 kila mkubwa, kalori 740. Siku ukijijua ulikaa upande wa minofu na mkono haukupumzika, andika 500 badala ya 400. Hesabu ya namna hii haitakuwa sahihi kwa gramu, lakini haiegemei upande mmoja, na hicho ndicho tunachokitafuta.

Kuhusu mama mwenyewe, mimi nisingejificha. Ukionekana unapima dumu kimyakimya itatafsiriwa kuwa unahesabu matumizi ya nyumba, na hapo ndipo maneno yatakapoanzia kweli. Nenda jikoni siku ambayo huendi dukani, kaa kwenye mbuzi ukune nazi wewe, umwambie: "Mama, nesi ameniambia niangalie mwili kabla presha haijapanda. Na wali wako nataka niujue kwa vipimo, niweze kuupika vilevile." Yote mawili ni kweli. Mama mkwe anayeombwa afundishe wali wake si sawa na mama mkwe anayepimiwa wali wake. Usimwombe apunguze mafuta siku hiyohiyo. Akiona mwenyewe namba ya dumu, na umri wake una habari za presha, huenda akalisema yeye.

Kwa mama ntilie, siku moja mwambie akufungashie vilevile anavyokupakulia kila siku, kila kitu mfuko wake, ukapime nyumbani. Bila kuiona hiyo sahani nakuambia wali wake si kikombe kimoja. Kikombe cha wali ni kama gramu 160, ni kijisahani cha mtoto. Ukishajua uzito, utumie huo siku zote mpaka abadilishe upawa. Wali wake kama umepikwa kwa mafuta, na mara nyingi ndivyo, usiuandike kama mweupe mtupu: ongeza kijiko kikubwa cha mafuta, ambacho ni kalori 120, na kingine kwa maharage na mchicha kwa pamoja. Ukipita kwa muuza chipsi, kumbuka chipsi zinakaribia kalori 300 kwa gramu 100 kabla hata hajavunja yai.

Chai umeitaja, sukari hukuitaja. Kijiko kidogo kilichosawazishwa ni gramu 4, kalori 16. Kilichojaa kilima kinakaribia mara mbili ya hapo, na sijawahi kumwona mtu anasawazisha. Vijiko vitatu vya kilima kwa kikombe, vikombe vitatu kwa siku, hesabu mwenyewe. Soda ya mililita 350 nayo ni kama kalori 140 hadi 150.

Kwa ugali na mboga zetu usitegemee orodha ya simu peke yake. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Chuo Kikuu cha Harvard cha Marekani walitoa jedwali la viinilishe vya vyakula vya Tanzania. Liko mtandaoni, limeandikwa kwa Kiingereza, na ndani yake utakuta vyakula vyetu ambavyo wenye programu hawajawahi kuvionja. Ila jedwali nalo halijui mama mkwe anamimina kiasi gani, hilo utalijua kwa mizani yako tu. Na mizani yenyewe ihakiki: weka chupa ya maji ya nusu lita ambayo haijafunguliwa, isome 500 na kidogo ya plastiki. Ikisoma 430, tupa.

Usikimbilie kupunguza chakula wiki hii. Kama kwa simu unakula 1,400 na kilo zimekaa palepale muda wote huo, basi unachokula kweli ndicho mwili wako unachotumia, na hakika kiko juu ya 1,400. Ukishusha ya simu mpaka 1,000 utaishia kuzimia kwenye daladala. Kula kama kawaida wiki tatu au nne, ila uandike kwa njia hii mpya. Itatoka namba itakayokutisha, labda zaidi ya 2,000. Hiyo ndiyo namba yako halisi, na 1,500 iliyotoka kwenye simu siku ya kwanza ilikuwa makadirio ya mtu ambaye haijamwona. Kutoka kwenye namba yako toa 400. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni takriban kalori 7,700, kwa hiyo 400 kila siku ni kama kilo moja na nusu kwa mwezi kwenye karatasi; mwilini itakuja kwa vipindi, maana hedhi, chumvi na kukosa choo vyote vinashikilia maji. Ndiyo maana zile mbili za mwezi wa kwanza sizihesabu zote kuwa mafuta. Jipime asubuhi kabla ya chai, ulinganishe wastani wa wiki na wiki, si siku na siku.

Hizo 400 hazihitaji kufunga. Rudisha ugali, punguza chapati ziwe moja na si kila asubuhi, na sukari ipungue kijiko kwa kikombe. Tayari umefika, na dumu la mama bado hatujaligusa.

Kama maandishi yamenyooka na miezi miwili ikapita bila chochote kusogea, au hedhi imevurugika, au unachoka bila sababu, hapo si suala la mizani tena. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, kwako Amana ndiyo karibu, ukaonane na daktari na uulizie afisa lishe. Na ukijikuta mjamzito acha mambo ya kupunguza mara moja.

Kuhama programu hakutakusaidia kitu, huko utakuta chapati ileile ya 120 na jina jingine. Kwenye hiyo uliyonayo tafuta sehemu ya kutengeneza mapishi yako mwenyewe, zipo karibu kwenye programu zote. Ingiza "Wali wa nazi wa nyumbani", 185 kwa gramu 100. Ingiza "Chapati ya mama" ukishaipima kweli, usitumie ile 405 yangu ya mfano. Halafu ile ya zamani ifute kwenye orodha ya ulivyotumia karibuni, isije ikajitokeza ya kwanza saa kumi na mbili asubuhi ukaibonyeza kwa usingizi.